Ufunguo wa simu yako uko kwa nani?

Ndugu msikilizaji, wiki hii ningependa tuzungumzie jambo linalofanyika kila siku, mchana kweupe, kwenye meza za maduka ya simu kuanzia Kariakoo mpaka Lindi mjini, na hakuna anayelishangaa. Mtu anaingia dukani, anachagua simu ya kisasa, analipa fedha zake taslimu na kupewa risiti. Simu inawashwa ili ihakikishwe kuwa ni nzima. Kabla haijafika mbali inauliza: barua pepe yako ni ipi? Mnunuzi anamtazama muuzaji. Muuzaji anatabasamu na kusema, "Lete hapa, mzee, nikumalizie." Dakika tano baadaye simu iko tayari kwa matumizi, na kila mtu ameridhika.

Katika dakika hizo tano, mnunuzi amepewa anwani asiyoichagua, yenye nywila asiyoitunga, na mara nyingi hata hakuambiwa ni ipi. Wapo wauzaji wasiohangaika kufungua anwani mpya. Wanaingiza anwani moja ya dukani katika simu hii, na kesho katika simu nyingine, na keshokutwa katika nyingine tena. Mnunuzi wetu anapanda basi la kusini, anashuka Nangurukuru, anachukua bodaboda hadi Kivinje, huku akiamini kuwa amebeba simu yake. Simu kweli ameibeba. Ufunguo wake ameuacha juu ya meza ya duka.

Ili tuelewane vizuri, hapana budi kwanza tujiulize barua pepe ni kitu gani siku hizi. Wengi wetu tuliokuwa vijana mwanzoni mwa miaka ya 2000 tuliifahamu barua pepe katika vibanda vya intaneti. Ulilipia nusu saa, ukafungua sanduku lako la Yahoo, ukasoma, ukajibu, ukafunga, ukaenda zako. Ilikuwa sawa na kwenda posta kuangalia sanduku la barua. Barua zilikaa kwao, wewe ulikaa kwako, na ukishatoka pale kibandani hapakuwa na kitu kilichokufuata nyumbani.

Simu ya kisasa imeyabadili mambo hayo. Unapoiunganisha anwani yako na simu, hufungui sanduku la barua peke yake. Katika simu zinazotumia mfumo wa Android, ambazo ndizo nyingi hapa kwetu, anwani ya Google ndiyo inayofungua duka la programu. Ndiyo inayotunza majina na namba za watu ulizohifadhi humo. Ukiruhusu, ndiyo inayopokea nakala ya kila picha unayopiga. Ndiyo inayoweza kuonyesha simu iko wapi, kuiliza kengele ikiwa imepotea, kuifunga kutoka mbali, hata kuifuta vyote vilivyomo. Na ukisahau nywila ya huduma nyingine uliyojiandikisha kwa anwani hiyo, iwe ni maombi ya kazi au akaunti ya biashara, ujumbe wa kukuwezesha kuibadilisha unapelekwa hukohuko kwenye barua pepe.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, anayeijua nywila ya barua pepe yako hana barua zako tu. Ana ufunguo wa mlango mkubwa, na ndani ya nyumba kila chumba kiko wazi.

Sisemi haya ili kuwatia watu hofu ya vyombo vya kisasa. Faida zake zinaonekana. Chukua mfano wa mvuvi wa Songosongo ambaye simu yake imetumbukia baharini usiku. Zamani mtu huyo angepoteza namba za wateja wake wote wa samaki, na ingemchukua miezi kuzikusanya upya. Leo, kama aliziweka kwenye akaunti yake, ananunua simu nyingine, anaingiza anwani na nywila, na majina yote yanarudi kama vile hayakuondoka. Hiyo ni neema. Lakini tuangalie sharti la neema hiyo. Majina yanarudi kwa sababu yalikuwa yametunzwa mahali pengine, na yanamrudia yeyote mwenye kuijua nywila. Simu haimtambui mvuvi kwa sura wala kwa jina la baba yake. Inatambua ufunguo.

Sisi watu wa pwani tuna desturi ya hodi. Hata mlango ukiwa wazi, hata ukimwona mwenyeji amekaa barazani anamenya muhogo, unasimama na kupiga hodi, na huingii mpaka uambiwe karibu. Ukipiga hodi mara tatu usiitikiwe, unarudi ulikotoka. Desturi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wezi, maana mwizi hapigi hodi. Iliwekwa kwa ajili ya jirani, shemeji na rafiki, watu wema kabisa, ili nao wakumbuke kwamba nyumba ya mtu ina sitara yake. Jambo linalosikitisha ni kwamba watu haohao wanaopigiana hodi mlangoni wanaingiliana simu bila hata kubisha.

Najua wapo watakaosema, "Mimi sina cha kuficha." Kauli hiyo tunaisikia sana. Lakini mtu asiye na cha kuficha bado anaweka ua wa makuti kuzunguka mahali pa kuogea, na hakuna anayemtuhumu kwa uhalifu. Faragha ni heshima ya mtu. Anayeilinda haina maana kwamba ametenda ovu.

Sasa tuangalie milango mitatu ambayo kwayo heshima hiyo inapotea.

Mlango wa kwanza ni ule wa dukani nilioanza nao. Kati ya wauzaji hawa wengi hawana nia mbaya. Wanataka kumsaidia mteja aondoke haraka ili wamhudumie mwingine. Hata hivyo, madhara hayangoji nia mbaya. Tangu mwaka 2015 simu nyingi za Android zimewekewa kinga dhidi ya wizi. Simu ikifutwa kwa nguvu ili ianze upya, haikubali kufanya kazi mpaka iingizwe anwani na nywila iliyokuwemo awali. Kinga hiyo ni nzuri kwa mwenye simu. Lakini kama anwani iliyomo ni ya duka au ni ile aliyobuni kijana wa dukani, basi siku simu itakapoharibika na kufutwa, mwenyewe ndiye atakayehesabiwa kuwa mwizi. Simu itamwuliza nywila asiyoijua. Kijana aliyeibuni huenda ameshahamia Tunduru, au ameisahau kwa sababu amebuni nyingi mno. Mafundi simu wanawafahamu wateja wa namna hii, na wanajua wanavyohangaika na chombo walichokinunua kwa fedha halali.

Na pale ambapo nia mbaya ipo, kazi imerahisishwa. Kijana mwenye daftari la anwani na nywila za wateja anaweza kukaa Dar es Salaam na kuangalia picha zinazopigwa Kilwa Masoko, kusoma majina yaliyohifadhiwa, na kuona simu ilipo. Mwenye simu hataona dirisha lililovunjwa wala kufuli lililokatwa. Kama simu italeta onyo kwamba kuna aliyeingia, nalo litakuwa limeandikwa kwa lugha ambayo mwenye simu huenda haisomi.

Mlango wa pili ni mgumu zaidi kuuzungumzia, maana unatugusa ndani ya familia. Wasomaji na wasikilizaji wangu wengi ni watu wa mjini wenye wazazi vijijini. Mwisho wa mwaka mtoto anamnunulia mama yake simu ili waweze kuonana kwa picha. Kwa kuwa mama hana barua pepe, mtoto anaingiza ya kwake mwenyewe. Anafanya hivyo kwa mapenzi, na tena anaona ni usalama: mama akikwama, mimi nitamsaidia kutoka hukuhuku Temeke.

Kinachofuata ni kwamba nyumba mbili zimekuwa na mlango mmoja. Namba za wateja wa mtoto zinatokea katika simu ya mama, na namba za majirani wa mama zinatokea katika simu ya mtoto. Picha zikiwa zimeruhusiwa kupelekwa kwenye akaunti, zinachanganyika. Mama aliyepiga picha ya kidonda au ya cheti cha hospitali ili amwonyeshe mganga, picha hiyo inakuja kuangaliwa na mjukuu kwenye simu ya Dar es Salaam. Na mambo ya mtoto, ambayo mtu mzima hapaswi kuyaona ya mwanawe, yanamfikia mama wakati anatafuta picha ya harusi. Hakuna aliyekusudia. Lakini ile staha iliyokuwepo baina ya mzazi na mwana imeondolewa na chombo, na wote wawili wanaona haya kulisema.

Ndivyo ilivyo pia kwa mume na mke, au wachumba. Mmoja anamfungulia mwenzake akaunti na kubaki na nywila. Siku za mapenzi huitwa uaminifu. Siku za ugomvi hugeuka kuwa kamba. Mtu anaulizwa kwa nini jana saa kumi alikuwa upande ule wa mji, na hajui mwulizaji alijuaje. Ndoa zina mahakama zake na wazee wake. Simu haipaswi kuwa shahidi aliyefichwa mfukoni mwa mwenzako bila yeye kujua.

Mlango wa tatu ni wa programu. Ukishaunganisha anwani na simu, kila programu mpya inakuja na maombi yake: niruhusu nisome majina, niruhusu nione picha, niruhusu nisome barua. Sisi tunabonyeza "kubali" kwa haraka ileile ya kusaini karatasi tusizozisoma. Mwaka 2018 gazeti la Marekani, The Wall Street Journal, liliripoti kwamba katika baadhi ya kampuni za nje ambazo watumiaji wenyewe walizipa ruhusa ya kufikia barua zao za Gmail, wafanyakazi walikuwa wamesoma barua za watu ili kuboresha mitambo yao. Hapakuwa na kufuli lililovunjwa. Ruhusa ilikuwa imetolewa na wenye barua, kwa kidole.

Hapa kwetu somo hilo tulilipata kwa uchungu kupitia programu za mikopo. Mtu alikopa fedha kidogo kwa simu, akaruhusu programu isome majina yote yaliyomo. Alipochelewa kulipa, ujumbe wa kumwaibisha ulitumwa kwa bosi wake, kwa mkwe wake, kwa imamu wake, kwa mwalimu wa mtoto wake. Watu ambao hawakukopa hata senti moja walisumbuliwa kwa deni la mtu mwingine. Tangu tarehe 31 Mei 2023 Google ilizikataza programu za mikopo binafsi zilizomo katika duka lake kusoma majina na picha za watumiaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kwa mtandao bila leseni. Majirani zetu wa Kenya nao, mwaka 2023, kupitia Kamishna wao wa Ulinzi wa Data, waliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu kutuma ujumbe na kupiga simu za vitisho.

Katika mkasa huo liko fundisho ambalo naomba tulishike. Majina yaliyomo katika simu yako si mali yako peke yako. Kila mtu aliyekupa namba yake alikuamini wewe. Hakuiamini programu usiyoijua, wala kijana wa dukani. Unapoacha ufunguo ovyo, unaacha milango ya watu mia tatu wazi, na wao hawakuulizwa. Anayesema hana cha kuficha ajiulize kama ana haki ya kusema hivyo kwa niaba ya wote aliowahifadhi.

Ndugu msikilizaji, tukiwa katika habari ya barua, ni vyema tukumbuke kwamba Kilwa ina historia ndefu katika jambo hili. Miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya Kiswahili yanayojulikana hadi leo ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno waliokuwa Msumbiji na washirika wao wa huko. Ukienda leo Kilwa Kisiwani utaona Msikiti Mkuu na magofu ambayo UNESCO iliyaorodhesha mwaka 1981 kuwa urithi wa dunia, lakini barua hizo hutazikuta. Zimehifadhiwa Goa, nchini India. Walioziandika walimkusudia msomaji fulani, kwa shauri fulani la wakati wao. Miaka zaidi ya 300 baadaye zinasomwa na watafiti ambao wao hawakuwaza kama watazaliwa.

Hiyo ndiyo tabia ya barua. Hailali alipoandikia mwandishi. Inalala anapoitunza mtunzaji, na mwandishi hana uwezo wa kuiita irudi. Barua pepe ni hivyohivyo. Nakala moja iko ndani ya simu yako, na nyingine iko katika mitambo iliyo mbali sana na Kilwa. Tulikumbushwa jambo hilo Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi ule kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya kusini, na magari ya Lindi na Dar es Salaam yakakwama wilayani Kilwa. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za mawasiliano za EASSy na SEACOM zilizopita chini ya bahari zikakatika huko upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikalegea au kukatika kabisa nchini. Mtu alikuwa na simu mkononi, yenye chaji na salio, lakini picha na barua zake zilizotunzwa ng'ambo hakuweza kuzifikia. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba vitu walivyoviita vyao vilikuwa vimelala ugenini.

Na huko ugenini walinzi nao ni binadamu. Kampuni ya Yahoo ilikiri Oktoba 2017 kwamba wizi uliotokea mwaka 2013 uligusa akaunti zake zote za wakati ule, bilioni 3. Kama ulikuwa na sanduku la Yahoo enzi za vibanda vya intaneti, na lako limo. Google nayo, Novemba 2022, ilikubali kulipa dola milioni 391.5 kumaliza madai ya majimbo 40 ya Marekani yaliyosema kwamba iliendelea kukusanya habari za mahali walipo watu hata baada ya wao kudhani wamezima. Kwa upande mwingine, lazima tuseme pia kwamba mwaka 2017 kampuni hiyo ilitangaza kuacha kupekua maandishi ya barua za Gmail kwa ajili ya kupanga matangazo. Mashirika haya makubwa husogea yanaposukumwa. Sisi tulio mbali na mahakama za Marekani tunanufaika kidogo na misukumo ya wengine, lakini haifai tutegemee hiyo peke yake.

Je, sisi wenyewe tuna sheria? Tunayo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa katika maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo ilianzisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua tarehe 3 Aprili 2024. Kwa sheria hii anayekusanya taarifa za watu anapaswa kuwaeleza anazikusanya kwa sababu gani, azitumie kwa sababu hiyo na si nyingine, na azilinde. Mwenye taarifa ana haki ya kujua kilichoandikwa juu yake, kutaka kisahihishwe, na kulalamika kwa Tume.

Tunapoisikia sheria hiyo tunafikiria benki, hospitali na makampuni ya simu. Mimi naona wakati umefika tuifikirie pia meza ya duka la simu. Daftari lenye anwani na nywila za wateja ni hazina ya taarifa binafsi, hata kama limefungwa kwa mpira na kuwekwa chini ya kaunta. Mamlaka zinazotoa leseni za biashara, zikiwemo halmashauri zetu, zingeweza kuwaeleza wenye maduka jambo moja rahisi: mteja aandike nywila yake mwenyewe, na muuzaji ageuze uso. Mawakala wa fedha wameshajifunza. Wakala mwungwana akimpa mteja simu aweke namba ya siri, anatazama pembeni. Kwa nini asifanye hivyo anayeuza simu?

Hata hivyo sheria haiwezi kukaa nawe dukani. Yapo mambo ambayo ni ya mwenye simu mwenyewe, na wala hayahitaji elimu ya kompyuta.

Kwanza, kila mtu awe na anwani yake. Kufungua anwani hakuna malipo. Mwenyewe atunge nywila, ndefu, isiyo jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Kwa mzee asiyezoea, kijana akae pembeni yake na kumwelekeza, lakini kidole kiwe cha mzee. Nywila iandikwe kwenye karatasi, na karatasi ikae ndani ya sanduku la mzee pamoja na hati ya shamba. Wataalamu wengine watakataza kuandika nywila. Mimi nasema karatasi iliyo ndani ya sanduku la bibi kule Kivinje ina usalama zaidi kuliko nywila iliyo kichwani mwa mtu asiyemjua.

Pili, kwa wale ambao simu zao zilikwishafunguliwa na mtu mwingine, bado hamjachelewa. Ingia katika mipangilio ya simu uone anwani iliyomo ni ipi. Kama si yako, hifadhi kwanza namba na picha zako mahali salama, iondoe, na uweke yako. Kama ni yako lakini nywila anaijua mwingine, ibadilishe leo. Kisha fungua sehemu ya usalama ya akaunti. Utakuta orodha ya vyombo vyote vilivyoingia kwa anwani hiyo. Ukiona simu au kompyuta usiyoitambua, itoe. Hapohapo unaweza kuwasha uthibitisho wa hatua mbili, ambao mtu hata akiijua nywila yako hawezi kuingia bila idhini inayotoka kwenye simu yako.

Tatu, angalia namba ya simu uliyoiweka ya kurejeshea akaunti. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kuuzwa kwa mtu mwingine, na akiipata yeye ndiye atakayepokea ujumbe wa kubadilisha nywila yako. Ukiacha laini, ibadilishe na huko. Piga pia *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, uondoe usizozijua.

Nne, unapouza simu au kumpa fundi. Kabla ya kuuza, ondoa kwanza akaunti yako, halafu ndipo uifute simu. Ukifanya kinyume chake, aliyenunua atafungiwa nje na wewe utaitwa tapeli. Na fundi anayebadilisha kioo hana haja ya nywila ya barua pepe yako. Akiidai, mwulize kioo na barua vina uhusiano gani.

Tano, kwa watumishi wa ofisi. Ukiingiza anwani ya kazini katika simu yako binafsi, soma kinachoulizwa kabla ya kukubali. Katika mpangilio fulani unampa mwendesha mitambo wa ofisi uwezo wa kuweka masharti ya kuifunga simu, na hata kuifuta yote siku unapoacha kazi. Ofisi ina haki ya kuondoa barua zake, lakini haina haki na picha za marehemu baba yako. Mwombe mtaalamu wa ofisi atenge sehemu ya kazi peke yake, jambo ambalo simu za miaka hii zinaliweza. Kama haliwezekani, barua za kazi zisomwe kwenye kompyuta ya kazi.

Na mwisho, programu ikiomba kusoma majina yako, jiulize inayahitaji kwa nini. Programu ya kuonyesha nyakati za sala au ya kurunzi haina biashara na namba ya mkweo.

Ndugu msikilizaji, kuna usemi kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata ina ruhusa ya kuingia mtungini, lakini hata kata huning'inizwa mahali panapojulikana na mwenye nyumba ndiye anayeishika. Simu tumezikaribisha majumbani mwetu, na hatuna mpango wa kuzitoa. Tunachotakiwa ni kujua nani ameshika kata.

Nina ombi kwa nyinyi mlio mijini. Jumamosi hii mkiwapigia simu wazazi, kabla ya kuuliza hali ya mvua na bei ya ufuta, waulizeni anwani iliyo katika simu zao ni ya nani. Kama jibu ni "ya yule kijana wa dukani" au "si ya kwako, mwanangu?", basi mna kazi ya kufanya siku mtakapokwenda kuwaona. Tukutane tena wiki ijayo. Kwa herini.